Pima wimbi la mwanga kwa rula: mwongozo kamili, vitu vyote vya Mwanjelwa

Wakuu, mimi ni fundi TV hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mpwa wangu yuko advansi anasoma fizikia. Likizo ya Juni alikuja na daftari limejaa fomula za mwanga, akakaa kwenye benchi la dukani anatetemeka na baridi lile mnalolijua, akaniuliza, "Anko, haya mambo watu wanayaonaga wapi, au ni ya kwenye mtihani tu?" Nikaangalia mezani kwangu. Kuna monita imepasuka kioo, CD za kwaya za mwaka arobaini na saba, draya ya kukaushia nywele, na tochi ya leza ya kwenye funguo ile wanayouza machinga. Nikamwambia kaa hapo, vitu vyote viko hapa hapa. Tukamaliza likizo nzima tunachezea mwanga, na hapa naandika kila tulichofanya kwa mpangilio tuliofanya, pamoja na pale nilipochemsha mimi mwenyewe.

Kwanza uelewe tunachokitafuta. Mwanga ni wimbi, ila wimbi dogo mno, urefu wa wimbi moja la mwanga mwekundu wa leza ni kama nanomita 650, maana yake kwenye milimita moja ya rula yako yanaingia mawimbi elfu moja na mia tano na ushee. Wa kijani ni mfupi zaidi, urujuani unashuka mpaka karibu 400. Na linakimbia kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, likiingia kwenye maji linapunguza mwendo mpaka kama 225,000, kwenye kioo kama 200,000. Sasa kitu kidogo hivyo na cha mbio hivyo hukikamati kwa mkono, unakikamata kwa ujanja, na ujanja wenyewe ni huu: ukiyakutanisha mawimbi mawili, yanaweza kusaidiana au kuuana.

Chukulia bajaji imezama kwenye tope pale Soweto ya hapa Mbeya msimu wa mvua. Mkisukuma wote kwa pamoja inatoka. Mmoja akisukuma mbele mwenzake akavuta nyuma, mnatoka jasho wote na bajaji iko pale pale. Mwanga ni hivyo hivyo, kilele kikikutana na kilele unapata doti kali, kilele kikikutana na bonde unapata giza. Ndio, mwanga ukiongeza mwanga unaweza kupata giza, mpwa wangu alikataa mpaka alipoona ukutani.

Vitu vya kutafuta

Tochi ya leza nyekundu (ya elfu chache inatosha, hamna haja ya kubwa), CD ya muziki ya zamani, DVD moja, selotepu ile pana ya kufungia maboksi, vibanio viwili vya nguo, karatasi nyeupe, rula na futi kamba, chupa ya maji ya lita moja na nusu, maziwa kidogo, sabuni ya maji, nyembe mbili mpya, mshumaa, kipande cha kioo cha fremu ya picha, na kioo cha monita au kalkuleta iliyokufa. Vya mwisho hivi nenda kwa fundi yeyote muombe kwa upole, wengi tunavitupa.

Halafu onyo, na hili silisemi kama pambo. Leza usiangalie ndani, hata sekunde moja, hata kama imeandikwa ni ndogo, maana lenzi ya jicho inaukusanya ule mwanga wote kwenye nukta moja nyuma ya jicho. Maandishi ya nguvu kwenye zile stika za bei rahisi usiyaamini hata kidogo. Fanyia kazi mezani chini ya usawa wa macho ya walioko chumbani, vua saa na pete maana zinaakisi, na usimmulike dereva, bodaboda wala ndege. Watoto wakiwepo, betri inakaa mfukoni kwako mpaka uwe tayari.

Hatua ya kwanza: kuchuna CD

CD ina njia moja tu ndefu inayozunguka kuanzia katikati kwenda nje kama mkeka wa ukili, na mzunguko mmoja mpaka mwingine ni maikroni 1.6 (maikroni ni milimita moja gawanya kwa elfu), yaani nanomita 1,600. Kwa mwanga hiyo ni kama uzio wa mianzi iliyopangwa sawasawa, na uzio wa kiwango hicho ukitaka kununua kwa ajili ya maabara ni hela.

Tatizo nyuma yake kuna ngozi ya rangi ya fedha, mwanga haupiti. Geuza upande wenye maandishi, kwaruza kidogo na ncha ya kisu kuanzia ukingoni, bandika selotepu ngumu, bonyeza vizuri halafu vuta kwa nguvu mara moja. Ngozi inatoka na selotepu kama gamba la nyoka, rudia mpaka ubaki na plastiki inayoona. Usioshe kwa kusugua, mashimo ya njia yako upande huo huo uliouchuna. Kata kipande kama cha vidole viwili karibu na ukingo wa nje, kule njia zimenyooka zaidi kuliko katikati.

Hatua ya pili: kupima wimbi lenyewe

Bana tochi na kibanio kimoja ili swichi ibaki imewashwa, bana kipande cha CD na kingine, kisimame wima mbele ya tochi. Bandika karatasi nyeupe ukutani, sentimita 30 kamili kutoka kwenye CD. Zima taa.

Utaona doti kali katikati, na doti nyingine kulia na nyingine kushoto. Zikiwa juu na chini, zungusha kipande robo mduara. Sasa pima kutoka doti ya katikati mpaka ya kulia, halafu mpaka ya kushoto. Zikitofautiana basi CD yako imekaa upande, irekebishe mpaka zilingane, hapa usiwe mvivu maana makosa mengi yanaanzia hapa. Sisi tulipata sentimita 13.4 kila upande.

Afu pima umbali wa mshazari, kutoka kwenye CD yenyewe mpaka kwenye ile doti ya pembeni. Tukapata 32.9. Hapo hata sin ya pembe iliyoendea doti huihitaji kwenye kalkuleta, maana sin ndo hiyo hiyo, umbali wa pembeni gawanya kwa mshazari: 13.4 gawanya kwa 32.9 unapata 0.407. Zidisha kwa 1,600 na umepata nanomita 652 hivi. Kwenye tochi stika inasema 650. Umepima kitu ambacho hadubini ya shule haikioni, kwa rula ya plastiki ya mia tano!

Kwa nini inafanya kazi? Kila njia ya CD inatawanya mwanga pande zote. Kwenye pembe nyingi mawimbi ya njia jirani yanafika yamepishana ovyo, yanauana. Ila kuna pembe moja ambapo wimbi la njia hii linachelewa nyuma ya wimbi la jirani yake kwa urefu wa wimbi moja kamili, hapo vilele vinakutana tena, na sio vya njia mbili, vya mamia ya njia zote zilizomulikwa, ndo maana doti inakuwa kali na nyembamba. Kuchelewa huko ni umbali wa njia mara sin ya pembe. Fomula ya kwenye daftari la mpwa wangu, d sin θ sawa na λ (d ni umbali wa njia, θ ni pembe, λ ni urefu wa wimbi), ndo hadithi hii hii basi. Ukichelewa mawimbi mawili kamili unapata doti ya pili mbali zaidi, kama nyuzi 54 hivi, ila inakuwa hafifu.

Sasa nilipochemsha. Mara ya kwanza kabisa sikutumia CD ya kwaya, nilichukua CD tupu ya kurekodia kwa sababu ilikuwa safi, nikapata nanomita 695, nikaanza kumtukana aliyebandika stika. Tukapima tena na tena, 695. Nikamwambia kijana tochi feki hii, tukalala. Usiku nikakumbuka kwamba CD za 700MB zinaingiza dakika 80 badala ya 74, na ukubwa wa CD haujaongezeka, kwa hiyo hizo dakika za ziada zimetoka wapi? Njia zimebanwa, mpaka karibu maikroni 1.5. Rudia hesabu na 1,500, unarudi 652. Tochi haikuwa na kosa, uzio ndo ulikuwa mwingine. Kwa hiyo tumia CD ya muziki ya kiwandani isiyojaa sana, na kama huna, kumbuka hilo.

Na hapo ndo unageuza mchezo. Ukishalijua wimbi lako, unalitumia kama rula kupima vitu vingine. Tukachukua DVD, ile ni diski mbili zimegandishwa, unaingiza kisu ukingoni zinaachana kama chapati mbili. Tukaiweka sentimita 10 tu kutoka ukutani maana doti zinaenda mbali sana, tukapata 18.6 pembeni na 21.1 mshazari, inakuja 0.88. Gawanya 652 kwa 0.88 unapata 740. Njia za DVD ziko nanomita 740, chini ya nusu ya CD, ndo sababu moja DVD inabeba filamu nzima na CD haibebi.

Hatua ya tatu: unywele

Hii ndo niliyoipenda kuliko zote. Chomoa unywele mmoja, ubandike kwa selotepu ukatize wima kwenye mdomo wa tochi, mulika ukuta ulioko mita 3. Badala ya doti unapata mstari mrefu wa mlalo uliokatwakatwa na vipande vya giza. Mwanga umepinda kupita pembeni ya unywele kutoka pande zote mbili na kukutana ukutani.

Karibu jambo hili hili Thomas Young wa Uingereza alilifanya na kulisoma mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1803, yeye aliingiza mwanga wa jua kwenye tundu dogo akaukatiza na kipande chembamba cha kadi, chini ya milimita moja. Enzi hizo wengi walikuwa bado wanamfuata Newton aliyesema mwanga ni chembe. Young akaziba upande mmoja wa kadi, ile michirizi ikapotea. Chembe zilizopita upande huu zingejuaje kama upande wa pili umezibwa?

Kupima: usipime pengo moja, utakosea. Tafuta giza la tano kushoto na giza la tano kulia, pima kati yao, gawanya kwa kumi. Afu unene wa unywele ni urefu wa wimbi mara umbali wa ukuta, gawanya kwa pengo moja. Wa mpwa wangu tulipata sentimita 33 kwa mapengo kumi, yaani pengo ni 3.3, unene unakuja kama maikroni 59. Safi. Akaubandika tena vizuri zaidi ili "tuhakikishe", ikaja sentimita 22, unene 89! Kijana akasema anko umekosea tena.

Hatukukosea. Nywele zetu za kipilipili sio mviringo kama waya, zimekaa bapa kama tambi iliyobanwa, na tena zinajisokota zenyewe njiani, kwa hiyo ukimulika ubavu mmoja unapata namba moja na ukimulika ubavu wa pili unapata nyingine. Ukiusogeza unywele taratibu mbele ya tochi utaona michirizi ukutani inajibana na kujiachia yenyewe, unaona ule msokoto. Jaribu na uzi wa rasta za kusukia pia, na waya mmoja wa nyaya laini za spika, kila kimoja kina sura yake.

Wa Njombe na Makete nyie mnayo maabara ya bure. Ukungu ukishuka usiku, au kioo cha basi kikipigwa na pumzi za abiria, angalia taa ya barabarani kupitia hapo, utaona duara zenye rangi zimeizunguka. Ni matone madogo yanaufanyia mwanga kile kile unywele ulichofanya. Duara ikiwa pana, matone ni madogo, ikijibana matone ni makubwa.

Hatua ya nne: masizi na nyembe

Pitisha kioo cha fremu juu ya moto wa mshumaa mpaka kiwe cheusi tii, kiache kipoe. Bana nyembe mbili zikiwa zimelaliana kabisa, halafu chora mara moja kwa ncha zake, taratibu, kwa rula. Unapata mistari miwili inayoona, imeachana kama milimita 0.1, ambayo ni unene wa wembe mmoja. Mulika leza hapo, ukuta mita 3, unapata michirizi iliyopangika sawasawa, kama sentimita 2 kati ya mmoja na mwingine. Itakuchukua majaribio manne matano kabla hujapata mistari misafi, sisi tulichora kumi tukapata miwili ya maana. Na nyembe zishikwe na mtu mzima.

Hatua ya tano: utando wa sabuni

Fupi hii. Changanya maji, sabuni ya maji na sukari kidogo, chovya mdomo wa kikombe, kisimamishe kwa ubavu ili utando usimame wima, uangalie dhidi ya kitu cheusi kwa mwanga wa dirishani. Maji yanashuka, juu panakuwa pembamba, unaona mikanda ya rangi inateremka kama kitenge kinachovutwa. Kabla haujapasuka juu kabisa panakuwa peusi. Usidhani pametoboka, pale utando ni mwembamba mno kuliko wimbi lenyewe, na mwanga ulioakisiwa na uso wa mbele unageuzwa kilele kuwa bonde wakati wa nyuma haugeuzwi, basi vinauana. Petroli iliyomwagika kwenye lami yenye maji pale Kabwe ni jambo hilo hilo, na ule urangi wa kijani au zambarau kwenye miwani ya macho ya kisasa ni utando uliopakwa kwa makusudi, unene wa robo ya wimbi, ili kioo kisiakisi ile asilimia 4 hivi ambayo kila uso wa kioo cha kawaida unairudisha.

Hatua ya sita: kuufunga mwanga ndani ya maji

Mpaka hapa tumeugawanya na kuukutanisha. Sasa tuuzuie usitoke. Toboa chupa kwa msumari wa moto, tundu la milimita 5 hivi, kama sentimita 5 kutoka chini, na lisawazishe kwa wembe maana tundu lenye makovu linatoa maji yaliyochanika na mchezo unaharibika. Ziba kwa kidole, jaza maji, tia matone mawili matatu ya maziwa, funga kizibo. Kizibo kikifungwa maji hayatoki, ukilegeza yanatoka, hiyo ndo bomba yako.

Weka leza upande wa pili wa chupa, ielekeze inyooke mpaka kwenye tundu. Zima taa, legeza kizibo. Maji yanapinda kwenda chini kwenye beseni, na mwanga unapinda nayo! Weka kiganja chini, doti nyekundu inadondokea kiganjani kama unanawa mwanga. Kule Geneva bwana mmoja anaitwa Colladon alikuwa anawaonyesha watu hii mwanzoni mwa miaka ya 1840.

Mwanga wenyewe haujapinda, unagonga ukingo wa maji kutokea ndani kwa mshazari mkali na kurudi, unagonga tena na kurudi. Kutoka majini kwenda hewani ukigonga ukingo kwa pembe inayozidi nyuzi 49 hivi, ukipimia kwenye mstari ulio wima na uso, hakuna kinachotoka, chote kinaakisiwa ndani. Ukipungua hapo, unatoroka. Ndo maana pale maji yanapokatika vipande vipande mwanga unatapakaa.

Faiba ya intaneti ni chupa hii hii, badala ya maji ni kioo na badala ya hewa ni kioo cha aina nyingine kidogo kilichoizunguka. Kiini cha zile za masafa marefu kina kama maikroni 9, rudi uangalie namba za unywele uone ni chembamba kiasi gani. Charles Kao alionyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha mwanga utafika mbali, akapewa Nobel mwaka 2009. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, mwanga ndani ya kioo unazimaliza kwa milisekunde 4 hivi, basi la asubuhi linakuacha njiani mpaka usiku. Na mkiona mafundi wanaunganisha faiba barabarani msichungulie ile ncha, mwanga wake ni wa nanomita 1,310 au 1,550, jicho haliuoni ila unaumiza.

Hatua ya saba: plastiki ya monita

Wimbi linatikisika, na linaweza kutikisika juu-chini au kulia-kushoto, kama kamba mliyoishika wawili. Mwanga wa jua unatikisika kila upande. Ile plastiki iliyobandikwa kwenye kioo cha monita mafundi tunaiita polaraiza, inaruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu, kama kamba inayopita katikati ya fito za uzio.

Kila kioo cha LCD kinayo mbele na nyuma. Chomoa umeme wa monita na uiache siku nzima kabla ya kuifungua, kapasita zinatunza chaji. Kioo kikishatoka, pasha kona kwa draya, inua kwa wembe, vuta polepole plastiki ikiwa imelala karibu na kioo, sio kuinyanyua juu. Gundi ifute kwa spiriti. Usitumie asetoni wala thina, plastiki inaharibika. Kioo kikipasuka kimiminika cha ndani usikishike, nawa mikono. Mimi nilizivuta mbili kwa haraka zikachanika, ya tatu ndo nikapata vizuri, kwa hiyo weka subira.

Kata vipande vitatu. Weka viwili pamoja, zungusha kimoja: unaona, unaona, giza. Kwenye nyuzi 45 kinapita nusu ya mwanga uliotoka kwenye cha kwanza, kwenye 60 robo, kwenye 90 hakuna. Ndo kosaini mraba ya daftarini, yaani kosaini ya pembe mara yenyewe. Sasa vikiwa vimepishana kabisa, giza tupu, chomeka cha tatu katikati kwa nyuzi 45. Mwanga unarudi! Umeongeza kizuizi na mwanga umepita. Mpwa wangu alikaa na hilo dakika kumi bila kusema, mimi nikaenda kunywa chai. Jibu ni kwamba cha katikati hakichuji tu, kinautoa mwanga ukiwa umegeuzwa upande wake, na uliogeuka nyuzi 45 una sehemu inayoweza kupita cha mwisho, robo ya uliotoka kwenye cha kwanza.

Kisha weka kati ya vipande viwili rula ya plastiki inayoona, au selotepu uliyokunja kunja juu ya kioo, rangi zinazotoka hazihitaji maelezo. Kwenye rula zinakuonyesha wapi plastiki ilivutwa kiwandani. Toka nje mvua ikikatika, angalia lami inayong'aa kupitia kipande kimoja ukikizungusha, mng'ao unazimika, hasa ukiangalia kwa mshazari mkubwa, kwa maji kama nyuzi 53 kutoka wima. Mwezi wa saba anga letu likiwa safi, nyoosha mkono mmoja kuelekea jua (bila kuliangalia) na mwingine uweke pembe mraba nao, angalia anga la upande huo, linakuwa la giza zaidi na kurudi bluu ukizungusha kipande.

Hatua ya mwisho: kuikagua tochi ya kijani

Likizo ikiwa inaisha mzee mmoja jirani akaleta tochi ya leza ya kijani, kamnunulia mjukuu, analalamika asubuhi haiwaki vizuri, anaiangalia kwa karibu aone kama betri imekufa. Nikaichukua mkononi mwake haraka.

Leza nyingi za kijani za bei rahisi hazizai kijani moja kwa moja. Ndani kuna leza ya nanomita 808 isiyoonekana inayosukuma kristali, kristali inatoa 1,064 isiyoonekana nayo, kristali ya pili inaukata urefu wa wimbi nusu, unapata 532 ya kijani. Mwishoni panatakiwa kichujio cha kuzuia masalia, na wanaobana gharama wanakiacha. Kukiwa na baridi, kama asubuhi zetu za Juni, ile mashine ya ndani inapoteza mpangilio, kijani kinafifia huku ile isiyoonekana inaendelea kutoka. Mtu anaona tochi imekufa, kumbe inammulika.

Kukagua: panga kila kitu kama hatua ya pili, CD ya muziki, sentimita 30. Tafuta kamera ya simu inayoona mwanga huo, elekeza rimoti ya TV kwenye kamera ubonyeze, taa ikionekana kwenye skrini kamera inafaa. Ya mbele mara nyingi ndo inafaa zaidi. Simama nyuma ya leza, angalia karatasi kupitia simu tu. Kijani kitakaa kwenye sentimita 10.6. Ukiona kwenye skrini doti nyingine kwenye 17.5 ambayo jicho halioni, hiyo ni 808. Ile ya 1,064 usiitafute, inaangukia pale pale doti ya pili ya kijani ilipo, kama 26.7, kwa sababu ni mara mbili kamili ya 532.

Ya yule mzee doti ilikuwepo kwenye 17.5, kali tu. Nikamwonyesha kwenye simu, akaangalia karatasi kwa macho, akaangalia simu, akaangalia karatasi tena. Akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaniachia tochi. Betri nimezitoa, ipo kwenye droo ya skrubu.